Usiende kikaoni na lile "tundu" la faili kwenye Blink

Hapana yakhe, hoja hiyo usiende nayo. Unasema Jumamosi utasimama mbele ya watu Mji wa Kale uwaambie kwamba Blink, kipindi kile cha tamthilia ya runinga ya Doctor Who cha 2007, kina tundu kubwa: Doctor, yule msafiri wa wakati, amekwama 1969, anazungumza na Sally Sparrow wa 2007 kupitia DVD, anamjibu neno kwa neno kana kwamba wamekaa chumba kimoja, na mwandishi Steven Moffat "amesahau" kutueleza aliyajuaje maneno ya Sally. Hakusahau. Ameeleza waziwazi, kwenye onyesho la mwisho, na wewe onyesho hilo hujaliona.

Najua hujaliona kwa sababu maneno yako ni yale yale ya yule bwana anayesimulia muhtasari wa vipindi kwenye video fupi. Muhtasari wake unakatikia pale sanamu nne za malaika, zile zinazosogea zisipotazamwa na kumtupa mtu miaka ya nyuma zikimgusa, zinapobaki zikitazamana. Hapo anatangaza kuwa amegundua kosa, anaomba watu wajisajili, kwisha. Anakata mwisho wa hadithi, kisha anaishitaki hadithi kwa kukosa mwisho! Nasi tulimwamini. Barazani kwetu Kibokoni tulikuwa tukikutana Ijumaa baada ya Isha, kahawa tungu na kashata, tunachambua vipindi hivi mpaka usiku. Mwalimu mmoja wa fizikia, mtu mzima mwenye subira, alijaribu kukitetea kipindi. Vijana wakampigia kelele wakimnukuu msimulizi, nami nilikuwa upande wa kelele. Wiki iliyofuata mmoja wetu akaleta kipindi kizima, tukakitazama mpaka mwisho, na kila alichosema mwalimu kikawa kweli. Yeye hakuwepo kukiona, na barazani hajarudi mpaka leo. Tulimvunjia heshima mtu aliyejua kuliko sote kwa sababu ya video ya dakika chache. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo maana sitaki lile likatokee kwenye kikao chenu.

Sasa sikiliza namna ya kulipima jambo hili. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Kilindini. Mzigo ukileta utata, hatuanzi kubishana juu ya tarehe, tunafuata makabidhiano: nani alipokea, akamkabidhi nani. Lifanyie hivyo hivyo faili la Sally, lile lenye maandishi ya mazungumzo yale. Acha kufuata mwaka, fuata mkono.

Mkono wa kwanza ni wa Larry Nightingale, mwenzake Sally. Yeye tayari ana maandishi ya upande wa Doctor, kwa sababu amevitazama vile vipande vya video vya Doctor vilivyofichwa kwenye DVD 17 hata amevihifadhi kichwani. Wakiwa ndani ya Wester Drumlins, ile nyumba mahame, Sally anaijibu skrini na Larry anayaandika majibu yake papo hapo. Mkono wa pili ni wa Sally, anayelitunza faili. Mwaka unapita. Mwaka 2008 Doctor na Martha, msafiri mwenzake, wanashuka kwenye teksi karibu na duka ambalo Sally na Larry wanaliendesha pamoja. Doctor hamtambui Sally, maana kwa upande wake mambo yale bado hayajatokea. Sally anamkabidhi faili na kumwonya kwamba siku moja atakwama 1969, awe nalo. Huo ndio mkono wa tatu. Akishatupwa 1969, Doctor anasoma kutoka kwenye maandishi yale mbele ya kamera. Billy Shipton, polisi ambaye sanamu zilimtupa mwaka ule ule na akaja kuwa mchapishaji wa video, anavipachika vipande hivyo kwenye DVD, na DVD zinamfikia Larry.

Nionyeshe ni wapi hapo mzigo umepotea. Hakuna. Kila makabidhiano yana mtoaji na mpokeaji. Na angalia kitu ambacho wengi hawakioni: karatasi yenyewe haizunguki. Larry aliandika kwenye karatasi zake za 2007, na zilizofika 1969 zilibaki huko na Doctor. Kinachozunguka ni maneno tu. Ingekuwa karatasi ile ile ndiyo inayorudi kila mara, ungekuwa na haki ya kuuliza mbona haichakai.

Tena si maneno yote yanayozunguka. Maneno ya Sally yana chanzo chake, nacho ni Sally: aliyatoa kinywani bila kusoma popote. Yasiyo na mwanzo ni ya Doctor peke yake, kwa kuwa aliyasoma kwa Larry, na Larry aliyanakili kwake. Hili ukilisema utakuwa umesema kweli, na ni jambo la ajabu sana. Lakini kitu kukosa chanzo si sawa na kitu kujipinga. Tundu la hadithi ni pale mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja yanapodaiwa yote ni kweli. Mwanafalsafa David Lewis alilijadili hasa suala hili mwaka 1976: habari inayozunguka hivi haina maelezo ya ilikotoka, lakini kutoelezeka hakuifanyi isiwezekane. Mwalimu wetu alikuwa akitueleza hilo hilo usiku ule tukamzima.

Uliuliza pia kuhusu vipindi vya 2010 na Amy, msafiri mwingine wa Doctor, kutembea amefumba macho katikati ya sanamu. Hilo libakie pembeni kwanza. Kaa na Blink mpaka mwisho, teksi ifike, faili litoke mkononi mwa Sally, ndipo ufungue mdomo.

Na ukitaka jambo la kuwabana watu kweli, wabane kwa ile taa. Mle chini ya nyumba sanamu inaizimazima globu makusudi, kwa sababu gizani haionekani na inaweza kusogea. Mwishoni sanamu nne zinanaswa humo humo, kila moja ikizuiwa na macho ya mwenzake. Je, globu ile ikiungua? Hakuna anayekwenda kuibadilisha, wala hatuonyeshwi kwamba kuna aliyeuziba mlango. Doctor ameondoka, Sally na Larry wamefungua duka, na kinachozishikilia zile sanamu ni mwanga tu. Hilo nimelitafuta kwenye kipindi kizima na jibu lake sijaliona.