Jibu: SC na ST kwenye takwimu za vijiji vya India

Ndugu, umeuliza kwa nini jedwali la kijiji lina safu ya watoto wa miaka 0 hadi 6, na SC na ST ni kina nani. La watoto ni jepesi: sensa ya 2011 ilihesabu wanaojua kusoma kuanzia miaka 7, basi watoto watoe kwanza ndipo upige asilimia.

SC (Scheduled Castes, matabaka yaliyoorodheshwa rasmi na serikali) ni jamii zilizobaguliwa kwa karne nyingi kama "wasioguswa". ST (Scheduled Tribes) ni makabila yaliyoorodheshwa vilevile. Hapa ndipo penye utamu. Kwenye SC huandikwa Mhindu, Kalasinga au Mbudha tu; Mwislamu hahesabiwi humo hata babu zake wakiwa wa tabaka hilohilo. ST haina sharti la dini. Ndiyo maana Masidi wa Jambur, kijiji kilicho karibu na msitu wa Gir, Gujarat, huingia ST ingawa ni Waislamu. Wana asili ya Afrika, wanaongea Kigujarati, na ngoma yao wanaiita goma. Sikiliza hilo neno, mwenyewe utacheka.

Safu ya jinsia ni wanawake kwa kila wanaume 1,000. India nzima 2011 ilikuwa 943.