Boksi la pili lilipoizima amplifaya

SWALI: Ndugu Mhariri, nawasalimu kutoka Ujiji. Mimi hupiga gitaa la solo katika kwaya yetu. Amplifaya yetu ni ya transista, na nyuma yake imeandikwa kwamba isifungwe spika za chini ya omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme). Tumeitumia muda mrefu na boksi moja la omu 8 bila tatizo. Mwezi uliopita tuliazima boksi jingine, la omu 4, tukalichomeka kwenye tundu la pili. Baada ya nyimbo tatu amplifaya ikapata moto, ikakata sauti, na ilipopoa ikarudi. Fundi anasema ni dhaifu, tununue kubwa zaidi. Je, ni kweli?
Mpiga solo, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu mpiga solo, msichangishane fedha bado. Amplifaya yenu haina udhaifu tunaouona katika maelezo yako. Mliitwika mzigo usio wake, nayo, kwa bahati njema, yaelekea ina kinga ya joto iliyoizima kabla transista hazijaungua.

Matundu mawili ya spika kwa kawaida huwa yameunganishwa sambamba kwa ndani, na spika zikiwa sambamba omu zake hazijumlishwi, bali hupungua, kama vile ukumbi ukifunguliwa mlango wa pili watu hutoka wengi zaidi kwa mara moja. Zidisha namba mbili hizo, kisha ugawanye kwa jumla yake: 8 mara 4 ni 32, 8 na 4 ni 12, na 32 ukigawanya kwa 12 unapata omu 2.7 hivi. Mkondo ukazidi kiwango, joto likafuata. Tena boksi la omu 4 lilikuwa likila wati mara mbili ya mwenzake, kwa hiyo hata sauti zisingelingana.

Tafuteni boksi la pili la omu 8. Mawili hayo yatatoa omu 4 kamili, ambazo amplifaya inaruhusu. Kama boksi halina maandishi, lichomoeni na kulipima kwa mita: la omu 8 husoma 6 hadi 7, na la omu 4 husoma 3 na ushee. Msidhani limekufa. Mita hupima waya wa koili kwa mkondo mnyoofu, kama wa betri, ilhali omu zinazoandikwa ni za mkondo geu, unaokwenda na kurudi kama ule wa muziki, nazo hubadilika kadiri sauti inavyokuwa nyembamba au nzito.

Wenye amplifaya za vali (zinazotumia mirija ya kioo badala ya transista) wasiifuate hesabu hii peke yake: swichi ya omu ilingane na spika, na wasiiwashe kamwe bila spika, kwa maana transfoma ya kutolea sauti yaweza kuungua.

Hukutueleza mlitumia waya gani kwenye boksi la kuazima. Kama ni ule wa gitaa, ubadilisheni kabla ya ibada ijayo. Ni mwembamba mno kwa spika, nao hupata moto.