Usimpe mtu Afrika Mashariki nzima kabla hajakutengenezea hata kimoja

Wadau habari za siku nyingi. Wiki iliyopita kuna dogo wa chuo kanipigia, ana mtambo wake wa kuangulia mayai ya sato, umefanya kazi vizuri maabara na tayari kuna kampuni inataka wasaini mkataba wa leseni, yaani kampuni ndo iutengeneze na kuuuza. Nikamuuliza mkataba una kurasa ngapi akasema mbili. Kwenye hizo mbili wameandika lini wanaanza kutengeneza? Kimya. Nikamwambia mdogo wangu usisaini kitu, nakuja. Tukakaa pale Nyegezi, Mwanza, mpaka saa nne usiku namsimulia yaliyotukuta sisi, na nimeona bora niyaandike maana sio yeye wa kwanza kunipigia.

Yetu ilikuwa kikaushio cha dagaa. Kwa ambao hamjakulia Ziwa Victoria, dagaa wanavuliwa kwenye giza, yaani zile siku mwezi haupo, watu wanaingia na taa usiku na asubuhi mitumbwi inarudi imejaa. Samaki mbichi karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo asubuhi hiyo hiyo lazima waanikwe, wengine kwenye mchanga, wengine kwenye chanja. Mvua ikipiga ndo umekwisha, dagaa wa kula anageuka dagaa wa kuku na bei yake unaijua. Sasa mi na wenzangu wawili tukatengeneza kabanda ka nailoni, ndani chanja za wavu, chini feni ndogo ya sola inavuta hewa, pembeni jiko la pumba za mpunga la siku za mawingu. Pale uani chuoni kalikuwa kanakausha mpaka unacheka mwenyewe.

Kuna zile ngazi 9 walizoanzisha NASA za kupima teknolojia imekomaa kiasi gani, 1 ni wazo la kwenye karatasi, 9 ni kitu kimeshathibitika huko huko kinakotakiwa kufanya kazi. Sisi tulikuwa 4, tukijitutumua sana 5, ila mdomoni tulikuwa tunaongea kama watu wa 9.

Kosa la kwanza tulilifanya kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Tukaweka kikaushio chetu wazi, bango kubwa, michoro tumebandika na vipimo vyake, watu wanapiga picha sisi tunatabasamu. Kuna jamaa mmoja alikuja siku mbili mfululizo, ya pili kaja na tepu anapima kabisa chanja kwa chanja, na mimi ndo nilikuwa namshikia upande wa pili wa tepu! Hatukuwa tumepeleka ombi lolote BRELA, wale wakala wa serikali wanaosajili biashara na hataza. Hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasitengeneze ubunifu wako bila ruhusa, inataka kitu kiwe kipya, ukishakianika mbele ya umma na vipimo vyake umejiharibia mwenyewe, kuna sehemu wanakupa nafasi kidogo ya kujitetea lakini usiishi kwa kutegemea hiyo. Peleka ombi kwanza ndo uonyeshe, au onyesha kinavyokausha bila kufungua tumbo lake, na ukiongea na mtu wa biashara mfungane mkataba wa kutunza siri kabla hujatoa michoro. Kama ubunifu wako ni maboresho tu ya kitu kilichopo, waulize BRELA kuhusu ule ulinzi mwepesi zaidi ya hataza kamili, watu wengi hawajui kama upo.

Na jamaa hata hakunakili vizuri. Feni hakuweka, nailoni akaweka iliyopatikana, dagaa wakawa kama wamechemshwa mle ndani, halafu kwenye mialo, zile fukwe mitumbwi inakoshusha samaki, ikaanza kusemwa kwamba mabanda ya chuo yanaozesha dagaa. Kuibiwa nilisamehe. Hilo jina baya ndo liliniuma na ndo maana siku hizi nawaambiaga watu wasajili na alama ya biashara mapema, sio hataza tu, maana mtu akinakili vibaya angalau asitumie jina lako.

Halafu kumbuka hataza ni ya nchi. Ziwa letu hili nusu yake iko kwetu, kubwa linalobaki la Uganda, Kenya ana kama asilimia 6 hivi, lakini dagaa hana pasipoti na fundi wa Kisumu hawezi kuzuiwa na karatasi ya Dar es Salaam. Kuna njia ya ARIPO, shirika la nchi za Afrika la hataza na alama za biashara, wako Harare, unapeleka ombi moja unataja nchi unazotaka na Kenya na Uganda wamo. Kongo hayumo, na wanunuzi wa soko la dagaa la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, wengi wanatoka huko, kwa hiyo hilo nalo ulipigie hesabu, usilipie ulinzi wa nchi ambayo huna mteja ukaacha ile ambayo unaye.

Sasa kosa la pili, na hili ndo lililonifanya niandike yote haya.

Kampuni moja ya Dar ikatutafuta. Watu wazuri tu, wamevaa vizuri, wanasikiliza, wakatulipia na tiketi za ndege. Walitaka leseni ya kipekee, yaani wao tu ndo watengeneze na kuuza, Afrika Mashariki nzima, miaka 10, na sisi tupate mrabaha, yaani mgao wetu kwa kila kinachouzwa, wa asilimia 5 ya mauzo. Kabla ya kusaini mwanasheria wao akauliza swali ambalo sisi hatukuwa tumejiuliza hata siku moja: hiki kitu ni cha nani? Mmoja wetu mwajiriwa wa chuo, mmoja alikuwa bado mwanafunzi, hela kidogo za mfadhili zimo, na ulichobuni ukiwa kwenye ajira kwa kawaida haki inaanzia kwa mwajiri mpaka mkubaliane vingine. Ilituchukua miezi kupata barua ya chuo, huku jamaa wanapiga simu kila wiki. Asa wewe unayesoma hapa, nenda kalimalize hilo leo, kabla hata ya kutafuta mteja.

Tukasaini. Siku ile tulikula sato wa kuchoma pale Kamanga mpaka tukashindwa kuinuka.

Miaka mitatu haikutengenezwa hata chanja moja. Hawakutudhulumu, wala sio matapeli, walipata tenda kubwa ya kitu kingine na kikaushio chetu kikawekwa kwenye droo. Asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Na huku kuna mtu wa Bukoba kaja na hela yake mkononi anataka vikaushio vinne, ikabidi tumwambie baba samahani haturuhusiwi kukuuzia kitu tulichotengeneza wenyewe. Aliniangalia kama mwendawazimu. Kwenye mkataba wetu hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema wakikaa bila kutengeneza leseni inarudi, kwa hiyo kujitoa ilikuwa ni kuomba na kubembeleza, na tulibembeleza karibu mwaka.

Kwa hiyo ukiniuliza mi nitakwambia asilimia ya mrabaha sio kitu cha kupigania kwanza. Watu wanakesha wanabishana 5 au 7 halafu wanaacha mlango mkubwa wazi. Gombania hivi: eneo, muda, na kiwango cha chini. Anataka upekee? Sawa, mpe mkoa, mpe mwaka na nusu, na aandike kwamba akifika tarehe fulani hajatengeneza idadi fulani, upekee unakufa wenyewe bila kwenda mahakamani. Anayetaka dunia nzima wakati hajachomelea hata bomba moja mara nyingi ananunua usingizi, anataka tu mwenzie asikipate.

Sisemi upekee ni mbaya siku zote. Kweli kuna waliofanikiwa bila upekee, chuo cha Stanford kule Marekani mbinu yao ya kuunganisha vinasaba walimpa leseni kila kampuni iliyotaka, bei nafuu, na waliingiza zaidi ya dola milioni 200 mpaka hataza inaisha 1997. Lakini ile ilikuwa mbinu ya maabara ambayo kila kampuni ya dawa inaihitaji na inaweza kuitumia kesho yake. Kama mwenzio inabidi anunue mashine na molda za mamilioni ndo aanze, nani ataweka hela hizo akijua jirani yake nae atapewa leseni ile ile wiki ijayo? Huyo mpe upekee, ila mfunge kwa tarehe. Mfano wa hapa hapa kwetu wa kumpa mwenye kiwanda ni vyandarua vya mbu vya Olyset, teknolojia ni ya Sumitomo wa Japani, ila kiwanda cha A to Z Arusha kilianza kuvitengeneza 2003 baada ya kupewa ujuzi bila kudaiwa mrabaha. Na ile mifuko ya PICS ya kuhifadhia nafaka, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, ilianza kama utafiti wa kunde Kameruni miaka ya mwisho ya 80, na chuo cha Purdue hakijawahi kufungua kiwanda cha mifuko, kilitoa leseni kwa watu ambao tayari wanatengeneza plastiki kwenye nchi zao. Ya kwetu hapa inatoka Tanga. Angalia walivyochagua: walimtafuta mtu ambaye mashine yake ilishakuwa inazunguka.

Sisi tulichagua suti.

Baada ya kurudishiwa kitu chetu tukaenda Igombe, kwa mama mmoja mwenyekiti wa kikundi cha wachakataji. Nikampa shikamoo, nikamwelezea nusu saa nzima, joto la ndani, unyevu, feni. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza, "Baba, kabanda kako kanabeba ndoo ngapi?" Nikasema sita. "Mimi mtumbwi ukirudi siku ya giza napokea ndoo mia. Hizo sita zikiingia kwako, tisini na nne nizianike kwenye kichwa chako?" Wamama wote wakacheka, na mi nikacheka ila moyoni nimekufa, maana ni kweli tulikuwa hatujawahi kumuuliza mtu yeyote hilo swali, miaka yote hiyo tulikuwa tunapima unyevu.

Alichotaka yeye sio banda. Chanja anazo, nafasi anayo. Alitaka kitu cha kufunika chanja zake mwenyewe mvua ikianza, kinachofungwa na kufunguliwa na watu wawili, na hewa ipite dagaa wasichemke. Tulivyorudi tukakuta kwamba ubunifu wetu wa kweli wala haukuwa lile banda, ulikuwa ule mpangilio wa feni na mlango wa hewa, kitu cha kubeba mkononi. Banda mtu yeyote anajenga. Kwa hiyo leseni tuliyokuja kutoa ni ya kile kidude tu, na michoro, na mafunzo. Jipime na wewe, inawezekana kitu chako cha kuuza ni kidogo kuliko unavyodhani na hapo ndo kinakuwa rahisi kuuzika, kwa sababu mteja habadilishi kazi yake yote kwa ajili yako.

Mshirika tukampata kwa kuulizia SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, fundi wa Igoma mwenye karakana, anatengenezaga mageti na mashine za kukoboa. Hana suti. Ana vijana, ana kichomeleo, na anawadai watu wa mialo kwa hiyo anajua nani analipa na nani halipi, taarifa hiyo huipati kwenye utafiti wowote wa soko. Mkataba kurasa nne Kiswahili: Mwanza tu, miezi 18, vidude 40 kwa uchache, na mrabaha ni shilingi kamili kwa kila kimoja sio asilimia, maana asilimia ya mauzo inataka uamini vitabu vya mtu na vitabu vyenyewe hamna. Kila kidude kina namba imegongwa kwenye bati, namba tunazigawa sisi. Na ukipokea mrabaha kumbuka kuna kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hela haijakufikia, asilimia 15, sisi tulisahau na tukaja kushikana mashati na fundi nani ailipe, iandikeni mapema.

Kingine, usidhani ukishatoa michoro umemaliza. Vidude vitano vya kwanza fundi alifunga feni kinyume, badala ya kuvuta hewa inasukuma, na mama wa Igombe akanipigia saa kumi na mbili asubuhi bila hata salamu. Nilikaa Igoma wiki mbili nzima nimevaa ovaroli. Hizo wiki mbili hazikuwa kwenye bajeti yetu wala kwenye mkataba, sasa hivi tunaziandika na tunazitoza, maana ujuzi wa kichwani ndo nusu ya kitu unachouza na karatasi ya hataza peke yake haifungi feni.

Arobaini alizimaliza mwezi wa 14. Juzi kanipigia anasema kaka sasa nipe Mara na Kagera, na kama inawezekana nipe kabisa mpaka Kisumu kuna mtu namjua. Nikamwambia Kagera chukua, tengeneza 15 tuzione Bukoba kabla ya masika, yule baba wa vikaushio vinne namba yake ninayo bado nakutumia uanze nae. Hayo ya Kisumu tutaongea.