Ajaili Kigoma: Mteja Kwanza, Vikao Baadaye

Ukianzisha kampuni changa ya programu huku kwetu, usianze kwa kununua ubao wa kupangia kazi na kugawana vyeo vya Skramu, ule utaratibu wa timu kufanya kazi kwa mizunguko mifupi. Shughulika kwanza na jambo moja: kila mzunguko wa kazi ukiisha, mteja ashike mkononi kitu kinachofanya kazi, hata kiwe kidogo namna gani. Huo ndio moyo wa tamko la ajaili, yaani namna ya kutengeneza programu kidogo kidogo huku mteja akitoa maoni, lililoandikwa na watu 17 kule Utah, Marekani, mwaka 2001.

Timu yetu ilitengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za mauzo na madeni kwa akina mama wanaonunua dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Timu nyingi hufanya mizunguko ya wiki mbili mbili. Sisi tuliufuata mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikitawala, taa haiwavuti vizuri, mitumbwi mingi inapumzika, na hapo ndipo mama wa mwaloni anapata nafasi ya kukaa na wewe. Kwa hiyo toleo jipya huwa tayari kabla ya mwezi mpevu, tunalipitia pamoja nao siku hizo, kisha giza likirudi wanalitumia kwenye biashara halisi. Skramu inaruhusu mzunguko usiozidi mwezi mmoja, kwa hiyo tumo ndani ya kanuni.

Faida yake tuliiona mapema. Mama mmoja alituambia yeye hapimi kwa kilo, anapima kwa beseni, na deni analikumbuka kwa jina la mtu, si kwa tarehe. Tulibadilisha kurasa mbili tu, kwa sababu ndizo tulizokuwa tumetengeneza. Hebu fikiria angetuambia hayo baada ya mwaka mzima wa kazi.

Kikao cha kila siku cha dakika 15, ambacho timu hupangia kazi ya siku, hakina ugumu. Fanyeni mkiwa mmesimama, ana kwa ana, bando libaki kwa kazi nyingine.

Kigumu ni kikao cha kujitathmini mwishoni mwa mzunguko. Sisi tumelelewa kwa shikamoo. Kijana aliyetoka chuo juzi hawezi kumwambia kaka yake mbele ya watu kwamba makadirio yake ya kazi hayakuwa sahihi. Atanyamaza, na tatizo litaendelea. Heshima hiyo naipenda, sitaki ife. Ila ipeni njia: kila mtu aandike kwenye karatasi bila jina, zichanganywe, kisha mdogo kuliko wote azisome. Na mkubwa azungumze mwisho kabisa, maana akitangulia, wengine wote wataitikia tu.

Halafu kuna mkataba. Taasisi nyingi zinataka bei moja na orodha kamili ya kila kitu kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu. Omba malipo yagawanywe kwa matoleo, na mteja awe na haki ya kubadilisha kazi ambazo hazijaanza. Mkataba utaje pia mtu wa upande wake atakayehudhuria kila onyesho la toleo jipya, awe na mamlaka ya kuamua. Asipofika, msianze mzunguko mwingine mpaka apatikane.