Darasa la bure la kidato cha sita: kazi haiishii kwenye mtihani

Mara kwa mara napigiwa simu na vijana waliomaliza chuo wakitaka kuanzisha darasa la bure la Jumamosi mtaani kwao, kama hili letu la Mbagala, Dar es Salaam. Swali lao la kwanza huwa lilelile: tutapata wapi walimu wazuri wa Fizikia na Hesabu? Ni swali la maana, lakini ningewaomba waanze na lingine. Kati ya Mei na Oktoba, nani atakuwa na hawa wanafunzi? Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei, matokeo kwa kawaida hutoka Julai, vyuo hufunguliwa kuanzia Oktoba. Ni katika miezi hiyo ambapo nimeona vijana waliofaulu vizuri wakibaki nyumbani kwa sababu ya karatasi, yaani vyeti na fomu.

Upande wa kufundisha nitausema kwa kifupi. Notsi wanazo za kutosha. Wanachokosa ni mtu wa kusoma walichoandika. Kwenye shule ya kutwa yenye wanafunzi wengi, mwalimu mmoja wa Kemia hawezi kupitia majibu ya kila mtoto kila wiki. Kwa hiyo sisi hatushindi ubaoni. Tunachagua maswali mawili matatu ya mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, ya miaka ya nyuma, wanaandika kwa muda uliopangwa, kisha kila mmoja anakaa na mtu anayemwonyesha alama zimepotelea wapi. Mara nyingi zimepotelea kwenye Kiingereza. Mwulize kwa Kiswahili kwa nini kasi ya mmenyuko huongezeka joto linapopanda, atakueleza vizuri. Mwambie aandike, anakwama sentensi ya pili. Mwache aeleze kwanza kwa lugha anayoijua, halafu mjenge pamoja jibu la mtihani.

Kuhusu wanaojitolea, usimwombe mtu mwaka mzima. Mwombe topiki moja anayoimudu na tarehe za kuifundisha. Wanachuo wana moyo sana, ila mitihani yao ya mwisho wa muhula ikikaribia hutawaona, na wana haki. Kila somo liwe na watu wawili, mmoja wao asiwe mwanachuo. Walimu waliohitimu ambao bado wanasubiri ajira ndio waliotubeba sisi miaka yote. Warudishie nauli, hata kama itabidi mchangishane. Na mtu mzima asibaki peke yake na mwanafunzi chumbani, milango ikiwa imefungwa. Hilo halina mjadala, hata kwa rafiki yako unayemwamini.

Sasa turudi kwenye karatasi. Anza nazo mapema, wakiwa bado kidato cha tano. Kila mwanafunzi alete cheti cha kuzaliwa na karatasi ya matokeo ya kidato cha nne, uviweke pembeni kwa pembeni na kusoma majina herufi kwa herufi. Utashangaa. Huku Mwajuma, kule Mwanajuma; huku jina la babu lipo, kule halipo. Kulirekebisha kunahitaji kiapo, wakati mwingine safari ya wilayani alikozaliwa, na muda. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo pia kihakikiwe. Familia nyingi hazijawahi kuchukua cheti cha kifo, kwa sababu siku ya msiba nani anawaza mkopo wa chuo? Kaa na mama huyo mapema, kwa upole, umweleze kwa nini unakiulizia.

Kuna na jambo la JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Wengi wakishamaliza mtihani wanaitwa kwenye mafunzo ya mujibu wa sheria, yaani ya lazima, na kambini simu na intaneti si vya kutegemea. Dirisha la mkopo linaweza kufunguliwa na kuendelea akiwa huko. Kwa hiyo kabla hajaondoka, faili lake liwe kamili: vyeti vilivyohakikiwa, picha, kitambulisho cha mdhamini, namba ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama kaya yao ni mnufaika, na mtu wa nyumbani anayejua faili liko wapi.

Kwenye kuchagua kozi, wafundishe kusoma wenyewe mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huohuo. Alama zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kozi nyingi zinaanzia ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Lakini jumla peke yake haitoshi. Udaktari unadai angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja. Binti mwenye B ya Kemia, B ya Baiolojia na E ya Fizikia ana pointi 9, na bado hawezi kuingia. Akijua hilo Januari, ataipa Fizikia saa zake. Akilijua Julai, inabaki kulia tu. Na uwe mwangalifu na ushauri wa sisi kaka na dada: waliosoma wakati maombi yote yalipita kwenye mfumo mmoja wa TCU, kabla ya 2017, bado wanawaeleza wadogo zao utaratibu ule. Siku hizi mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja, na akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa. Asipothibitisha kwa wakati, nafasi inaweza kumpita.

Wazazi waiteni mapema, na mzungumze hasa habari ya mabinti. Jumamosi ndiyo siku ya kufua, kuchota maji na kulea wadogo, na mvulana hupewa ruhusa bila kuulizwa. Tulipowaeleza wazazi wazi kwamba tunahitaji saa nne tu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita, wengi walikubali. Kinachowapa mashaka ni kutojua mtoto anarudi saa ngapi na yuko na nani.

Majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu kuelekea kufunguliwa kwa vyuo. Piga simu kwa kila mmoja, hata yule aliyeonekana hana shida. Asiyejiona kwenye awamu ya kwanza asubiri inayofuata, na ikishindikana, msaidie kuandika rufaa kabla dirisha lake halijafungwa. Ambaye pointi hazikutosha, kaa naye mpitie vyuo vya stashahada na vya ufundi stadi vya VETA kwa heshima ileile. Kwenye daftari lako, mbele ya kila jina, andika alipofikia: ameripoti, anasubiri, amekata rufaa. Usilifunge mpaka kila mstari umejaa.