Bangi na kumbukumbu: nasoma usiku, asubuhi sikumbuki kitu

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 22 na ninasoma chuo hapa Iringa. Nilianza kuvuta bangi nikiwa kidato cha tatu, na sasa navuta karibu kila jioni. Jumamosi naongeza na konyagi. Mambo ya utotoni nayakumbuka vizuri, lakini ninachosoma usiku, asubuhi hakipo. Wenzangu wanasema bangi inafungua akili. Je, ubongo wangu umeshaharibika moja kwa moja?

JIBU: Marahaba. Maelezo yako yenyewe yanaonyesha tatizo lilipo. Ili ukumbuke jambo, ubongo hulipokea, hulihifadhi, kisha hulitoa unapolihitaji, na kemikali ya bangi iitwayo THC huvuruga zaidi ule uhifadhi. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi hiyo, yaani hipokampasi, ina vipokezi vingi ambavyo THC hujishikiza, na muda wote stimu inapokuwapo mawasiliano ya seli zake hulegea. Ya utotoni yamebaki kwa kuwa yalihifadhiwa kabla hujaanza kuvuta.

Huku Mbeya, kijana akija kliniki na malalamiko kama yako, mimi humtajia maneno matatu, tuseme kinu, parachichi na barabara. Huyarudia palepale bila kukosea, lakini tukishazungumza mengine kwa dakika tano, mara nyingi hubaki na moja. Nikimdokeza kwamba mojawapo lilikuwa tunda, yule ambaye shida yake ni kulitoa tu hulipata mara moja, ilhali yule ambaye neno halikuhifadhiwa hubahatisha: "Embe?" Kuhusu kufungua akili, ni kweli kwamba mvutaji huyaona mawazo yake kuwa mazito, ila akipimwa akiwa na stimu hushika machache kuliko kawaida yake.

Moja kwa moja? Huenda sivyo. Wavutaji wa muda mrefu waliopimwa baada ya kuacha walionekana kurejewa na sehemu kubwa ya uwezo huu katika wiki nne hivi. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole, kwa hiyo kupumzika siku mbili kabla ya mtihani hakukusaidii sana. Tegemea pia kwamba mwanzoni usingizi utakatika, ndoto zitakuwa kali na hasira zitakuwa karibu. Wengi hurudia msokoto hapo, wakidhani bangi ndiyo iliyokuwa dawa yao.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni umri ulioanza, kwa sababu ubongo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Utafiti wa Dunedin, Nyuzilandi, uliofuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, ulichapisha mwaka 2012 matokeo kwamba walioanza ujanani na kuendelea kuvuta sana kwa miaka mingi walishuka alama zipatazo 8 katika kipimo cha akili (IQ). Wataalamu wengine wamebishana kuhusu chanzo cha tofauti hiyo, nami nadhani ubishi wao una msingi, lakini usiutumie kama ruhusa.

Konyagi nyingi kwa mpigo nayo huzuia uhifadhi, hata mtu akatembea na kuongea usiku, kesho yake asijue alirudije nyumbani. Acha vyote viwili, na usijipime kabla ya wiki ya nne. Usahaulifu ukiendelea baada ya hapo, nenda hospitali na utaje kila unachotumia bila kuficha, kwa kuwa sonona, upungufu wa damu na kukosa usingizi navyo husahaulisha na vina tiba yake. Ukianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usisubiri hizo wiki nne. Nenda siku hiyohiyo.