Balkoni imepasuka kando ya ukuta: je, nyuzi za chuma zinatosha?

Swali: Balkoni yetu hapa Goma imetoka nje mita 1.2. Imepasuka upande wa juu, sambamba na ukuta. Masoni anashauri tumwage juu yake betoni ya nyuzi za chuma, bila vyuma vingine. Itashika? Na nyuzi ni kilo ngapi kwa mfuko wa simenti?

Jibu: Haitashika, ndugu. Kabla ya kununua chochote, simamisha miti chini ya balkoni na mtu asiipande tena.

Balkoni huvutika upande wa juu, kwa hiyo vyuma vyake vikuu lazima vilale juu. Siku ya kumwaga, watu huvikanyaga wakipita na makarai, vinashuka, na pale juu panabaki betoni tupu. Toboa kidogo kwenye ufa: ukivikuta sentimita 8 chini katika dali (bamba la betoni la balkoni) ya sentimita 12, ndiyo sababu.

Nyuzi kilo 40 kwa mita ya ujazo ni nusu asilimia tu ya betoni, tena zimetawanyika kila upande. Zinabana ufa usipanuke. Kubeba balkoni nzima haziwezi. Hata madaraja ya Chillon kule Uswisi, yaliyoongezewa tabaka jembamba la betoni ya nyuzi yenye nguvu kubwa mno, yaliwekewa vyuma ndani ya tabaka hilo.

Njia inayofaa ni tabaka jipya la betoni ya nyuzi lenye vyuma ndani yake. Kwanza ng'oa vigae na lipu yote, maana tabaka jipya la sentimita 5 peke yake lina kilo 120 hivi kwa mita ya mraba. Chonga dali hadi kokoto zionekane, safisha vumbi, lowesha tangu jana yake. Wakati wa kumwaga iwe na unyevu bila maji kutuama. Vyuma vipya vipite chini ya ukuta, viingie chumbani ndani ya tabaka hilohilo, angalau mita 1.8. Unene wa vyuma hivyo ahesabu injenieri. Kama nyuma ya ukuta hakuna dali, njia hii iache. Kaza miti kwa kabari kabla ya kumwaga, la sivyo vyuma vipya havitapokea uzito wa dali yenyewe.

Kwa mfuko wa kilo 50: mchanga kilo 85, kokoto kilo 105 zisizozidi milimita 10, maji lita 18 pamoja na yaliyomo mchangani, plastifianti, yaani dawa ya kulainisha betoni bila kuongeza maji, nusu kilo (fuata pia maandishi ya kopo), nyuzi zenye ndoano za milimita 30 kilo 4.5. Jiwe letu la lava lenye vitundu halifai hapa: ni dhaifu na linakunywa maji. Tafuta lile zito lililofunga.

Nyuzi huingia mwisho, zikinyunyizwa polepole betonieri ikizunguka, kisha dakika 4 au 5 zaidi. Ukimwaga furushi zima zinajiviringisha kuwa mipira, na kila mpira ni shimo. Betoni itaonekana nzito. Fundi atataka kuongeza maji, mkatalie. Funika kwa plastiki mara tu ukimaliza kusawazisha, iwe na maji siku 7. Miti ibaki siku 28.